Dakika Kumi na Moja za Tahadhari

Ukimpa mtu kitu cha bure, usidhani umemalizana naye. Ndiyo kwanza mmeanza. Mimi programu yangu niliitoa bure mwaka wa themanini na nane, na tangu siku hiyo watu hawajaniacha nikanywa chai yangu kwa raha.

Naitwa Mwanatatu binti Rama, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Likoni na mkaazi wa papa hapa. Programu yenyewe inaitwa Nyakati. Unaipa tarehe na jina la mji, nayo inakutolea saa za sala tano, na mwezi wa Ramadhani inakuonyesha saa ya kuacha daku na saa ya kufuturu. Niliiandika kwenye kompyuta kuukuu niliyouziwa na mhasibu mmoja wa bandarini, na kila mstari wake nimeuacha wazi, asomaye asome. Ndani ya disketi kuna faili inayoitwa SOMA, nayo inasema hivi: nakili, mpe mwenzako, badilisha upendavyo, ila ukibadilisha niletee na mimi, niingize katika toleo linalofuata ili wote tufaidike.

Basi kunakili wamenakili. Kutoka Vanga mpaka Lamu, msikiti wenye kompyuta una Nyakati, na usio na kompyuta una karatasi iliyochapwa na jirani mwenye nayo. Lakini kuna mtu anayesoma hiyo SOMA? Mmoja aliniandikia kuwa nimemuulia kompyuta, kumbe waya haujachomekwa. Mmoja alitaka niende kwake Ijumaa nikamwekee mwenyewe, tena nije na printa. Mmoja aliuliza kwa nini maandishi si ya kijani, kijani ndiyo rangi ya dini. Katika miaka minane, aliyewahi kuniambia asante ni Mutua, mwalimu mwenzangu wa jiografia, na Mutua hata haswali.

Kila Shaabani natoa toleo jipya. Kazi hiyo si ya kuandika, ni ya kufagia. Disketi zinakuja zimefungwa kwa magazeti, nyingine zimeota ukungu wa bahari, kila moja ina mabadiliko ya mtu aliyekaa peke yake na nakala yake. Inanibidi nizifungue moja moja, nisome alichobadilisha huyu, nione kama kinagongana na alichobadilisha yule, kisha nivitie vyote mahali pamoja. Ni kazi ya kuchosha macho na hakuna anayeiona. Ukiifanya vizuri hakuna linalotokea, na lisipotokea jambo watu wanadhani hukufanya kitu.

Na malalamiko nayo. Yalipozidi nilitengeneza barua moja nikaipiga fotokopi hamsini. Baada ya salamu inasema: tumepokea malalamiko yenu, tumeikagua programu, haina kosa, tafadhali rekebisheni saa yenu ya ukutani. Chini natia saini yangu na tarehe. Mara tisa katika kumi kosa huwa ni saa ya ukutani kweli, kwa hiyo sikujiona mwongo.

Shaabani ya mwaka wa tisini na sita ilinikuta na madarasa manne na wanafunzi wapya wasiojua hata kugawanya. Disketi mbili zilikuwa mezani. Moja ya Awadh wa Mkomani, mwenye duka la kutengeneza redio na kompyuta. Ya pili ya Ishaka wa Changamwe, ambaye sijapata kumwona kwa macho, namjua kwa mwandiko tu. Awadh aliandika kuwa amerekebisha sehemu inayogeuza saa za kizungu kuwa saa zetu. Ishaka aliandika kuwa amepanga upya sehemu ya kuchapa ili ukurasa usikatike. Niliingiza yote mawili, nikawasha, nikaona inakwenda, nikachapa ukurasa mmoja na ulikuwa mzuri haswa. Sikusoma mistari. Nasema wazi, sikuisoma, nilikuwa nimechoka. Nikaliita toleo la tisa, nikalituma.

Ramadhani ikaingia, na barua zikaingia nayo. Wiki ya kwanza tu nilipata tano, na zote nilizijibu kwa ile fotokopi yangu. Mojawapo iliandikwa na kamati ya msikiti mmoja wa Magogoni. Niliisoma mistari miwili ya juu, nikaona neno magharibi na neno dakika, nikatia saini fotokopi, nikampa aliyeileta arudi nayo palepale.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, wifi yangu Dhahabu alibisha hodi. Yeye ni mke wa kaka yangu mkubwa, Matano, nao wanakaa Magogoni. Kutoka Magogoni mpaka kwangu Likoni ni safari ya kuvuka feri, na mtu amefunga, kwa hiyo nilipomwona mlangoni roho ilinishtuka.

"Karibu wifi. Kuna nini? Kaka mzima?"

"Mzima wa mwili," akasema, akakaa mkekani bila kuvua buibui. "Hajui nimekuja. Angejua angenizuia."

Kaka yangu Matano ni fundi mwashi, na ni mwadhini. Miaka ishirini na miwili ameadhini katika msikiti ule ule, tangu ukiwa wa makuti mpaka yeye mwenyewe aliposhiriki kuujenga wa matofali. Si mtu wa maneno matamu, anagombana na kila mtu kuanzia imamu mpaka muuza maji, lakini kwenye adhana hajakosea. Hajawahi kuvaa saa. Magharibi hutoka kibarazani akatazama jua kwa macho yake, likizama anaingia ndani na kushika kipaza sauti.

"Wamemtoa," Dhahabu akasema. "Tangu Jumatano haadhini. Wanasema amewalisha watu mchana."

Akanieleza. Siku ya sita ya mfungo, baada ya Alasiri, Bwana Obeid, mwenyekiti wa kamati, alitundika ukutani karatasi ya Nyakati, toleo jipya. Mwaka ule ndio kwanza msikiti wao unaitumia. Jioni Matano aliadhini kama kawaida yake, watu wakatia tende mdomoni. Bwana Obeid akatazama saa, akatazama karatasi, akapiga kelele wateme. Karatasi ilisema bado dakika kumi na moja. Wengine walitema, wengine walikuwa wameshameza, na msikiti ukawa kama soko. Wakapiga hesabu wakaona ikiwa siku ya sita imekuwa hivyo, basi na tano za nyuma zilikuwa hivyo hivyo. Tangazo likatolewa kuwa kila aliyefuturu kwa adhana ya Matano atalipa saumu zote sita.

"Kaka akasemaje?"

"Akawaambia jua nimeliona likizama kwa macho yangu. Wakamwambia macho yako na kompyuta, kipi zaidi? Hata redio ilisikilizwa jioni ile, ikaafikiana na karatasi."

"Redio inatoa adhana ya Nairobi," nikasema. "Wao jua linawazamia baada ya sisi."

"Mimi sijui hayo, wifi. Najua kamati ilisema haitaki kumdhulumu mtu, iwaandikie wenye programu iwaulize. Wakaandika. Jibu likaja siku hiyo hiyo, kwamba imekaguliwa na haina kosa. Jumatano wakamwambia apumzike."

Dhahabu alinitazama usoni.

"Iangalie tena," akasema. "Iangalie tu, mwanamke mwenzangu."

Aliondoka, nami nikaifunua kompyuta. Nilichapa mistari yote, zaidi ya elfu moja na mia mbili, nikaitandaza sakafuni kutoka mlangoni mpaka dirishani, nikapiga magoti na kalamu nyekundu. Kwanza nilipiga hesabu ya jua kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, kama nilivyofundishwa. Kwa Mombasa, siku ile, jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu. Nyakati ilisema hamsini na nne. Nilirudia hesabu mara tatu, ikatoka arobaini na tatu mara zote.

Kwetu hakuna anayefuturu papo hapo hesabu inaposema jua limezama. Unaongeza dakika mbili tatu za tahadhari, kwa sababu ukila kabla saumu imekwenda, na ukichelewa kidogo saumu iko palepale. Kila mtengeneza ratiba anafanya hivyo. Hata mimi nilifanya mwaka wa themanini na nane: dakika mbili, kwenye mstari unaokokotoa kuzama kwa jua. Nilizikuta palepale nilipoziacha.

Za Awadh nilizikuta adhuhuri. Zilikuwa pale pale pa kugeuza saa za kizungu, dakika tatu, katikati ya marekebisho mengine mazuri tu. Za Ishaka zilikuwa kwenye sehemu ya kuchapa, tatu nyingine. Kila mmoja alitazama mahali pake alipokuwa akifanya kazi, akaona hapana tahadhari, akamwogopa Mungu wake, akaongeza. Hakuna aliyeandika kuwa ameongeza. Kwao haikuwa badiliko la kutajwa, ilikuwa kama kusema bismillahi.

Mbili na tatu na tatu ni nane. Zilibaki tatu nisizojua zimekaa wapi, na hizo zilinitesa mpaka karibu na Alasiri. Niliwatukana Awadh na Ishaka kwa sauti, na saumu yangu mdomoni, Mungu anisamehe. Niliapa kuwa kuna mpumbavu wa tatu, na nikimpata nitamwandikia barua ambayo haitakuwa fotokopi. Nilimkuta kwenye jedwali la miji. Mbele ya jina la Mombasa peke yake palikuwa na dakika tatu, na pembeni maelezo mafupi: tahadhari, M.R., Rajabu, tisini na tatu. Mwanatatu Rama. Mama mmoja alikuwa amelalamika mwaka ule kuwa ratiba inamtia wasiwasi, nikamwongezea atulie, nikasahau kuwa nilishaongeza miaka mitano nyuma. Kati ya dakika kumi na moja, tano zilikuwa zangu.

Jioni nilipanda juu ya paa la nyumba ya jirani na saa niliyoisawazisha kwa redio. Jua lilimalizikia nyuma ya minazi ya Mtongwe saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu na sekunde chache.

Jumapili nilivuka na toleo la kumi mkobani. Nilikuwa nimefuta zote, nikabakisha zile mbili za mwanzo. Njiani nilipita Mkomani kwa Awadh. Nilimkuta dukani kwake ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo.

"Mwalimu, shikamoo. Toleo la tisa limekuja zuri, mashallah."

"Marahaba. Awadh, umeongeza dakika tatu kwenye magharibi?"

"Naam. Za tahadhari."

"Mbona hukuniambia?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini amenawa mikono. "Mwalimu, kwani tahadhari ni kosa?"

"Watu watatu wameweka tahadhari, Awadh. Mmoja wao kaweka mara mbili."

Alipiga hesabu kichwani, nikaona uso wake unabadilika. Kisha akajitetea: yeye alifanya kazi kwenye nakala yake, atajuaje mwingine kafanya nini, mwenye kuunganisha ndiye mwenye kusoma. Nilitaka kumgombeza lakini alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwenye kuunganisha ni mimi.

Magogoni nilianzia kwa Bwana Obeid. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu wa heshima zake, na alinipa kiti kabla sijamaliza salamu. Nilimtandazia karatasi juu ya kaunta, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Nimekufahamu, mwalimu," akasema. "Lakini kuchelewa kufuturu hakuharibu saumu ya mtu. Tuiache hivi mpaka Idi. Baada ya Idi tubadilishe karatasi kimya kimya."

"Na kaka yangu?"

"Atarudi, inshallah. Baada ya Idi."

"Bwana Obeid, umewatangazia watu walipe saumu sita ambazo hawadaiwi. Umemtangaza mtu kuwa anawalisha waumini mchana. Hiyo haikuwa kimya kimya."

"Mimi nilitangaza kwa barua yako."

Akavuta droo, akaitoa. Alikuwa ameitia ndani ya mfuko wa nailoni isichafuke. Fotokopi yangu, saini yangu, tumeikagua programu, haina kosa. Alinieleza kuwa kwa siku tatu ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya karatasi, kila mtu aione.

"Barua hiyo ni ya uongo," nikasema. "Sikukagua chochote. Nataka utangaze hilo leo, kabla ya magharibi, kwa jina langu. Ukiona haya kutangaza, nipe kipaza sauti nitangaze mwenyewe nikiwa nje ya mlango."

Sijui ni lipi lililomtisha, lakini alikubali. Aliniomba tu nisiseme neno uongo, aseme kosa. Nilimwambia aseme lolote mradi aseme leo, na mradi Matano ndiye atakayeadhini.

Nilipofika kwa Matano nilimkuta kibarazani, amevaa miwani. Sijapata kumwona kaka yangu na miwani.

"Shikamoo kaka. Hiyo ya nini?"

"Marahaba. Ya macho." Aliivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Nilikwenda kupimwa. Wamesema ya kusomea tu, ya mbali hayana neno. Lakini nimeona heri niivae."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kivukoni, yote yakanipotea. "Kaka, barua ile niliandika mimi."

"Najua. Saini yako naijua tangu uko darasa la tatu."

"Kwa nini hukunijia? Ungekuja siku ile ile ningeiangalia."

"Nije nikuulize nini? Umeandika umekagua." Alisema bila hasira, na mimi ningependa angekuwa na hasira. "Kamati peke yao ningepambana nao, unanijua. Obeid anajua saruji, jua hajui. Lakini nilipoona jina lako nikasema basi. Mwanatatu akisema hesabu iko hivi, iko hivi. Ni macho yangu."

"Macho yako hayakukosea. Hata siku moja. Kosa lilikuwa langu, sikusoma, nilikuwa nimechoka na barua za watu."

Nikamweleza yote, dakika kwa dakika, na yeye akitikisa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Si kwa sita hizi tu. Kama macho yamekosea mwaka huu, nani ajuaye yalianza lini? Wengine wamenisamehe. Kwa Mwanarehema nilikwenda mara mbili. Mumewe alikufa baada ya Idi iliyopita, na miaka yote alifuturu kwa adhana yangu. Aliniuliza, huyo saumu zake atazilipa nani? Akanifungia mlango."

"Nitakwenda kwake mimi."

"Nenda," akasema. "Nenda umwambie."

Nilikwenda. Mwanarehema alinisikiliza akiwa amesimama, akalia, akaniambia wenye kusoma tuna hatari kuliko wasiosoma.

Kabla ya magharibi Bwana Obeid alitangaza. Alisema kosa, alisema Matano hana hatia, alisema saumu za watu ni salama. Mle ndani kukawa na minong'ono, wazee wawili wakainuka kumpa kaka yangu mkono. Karatasi mpya ilikuwa imeshatundikwa. Mimi na Dhahabu tulisimama barabarani, karibu na ukuta, mahali ninapokiona kibaraza cha msikiti.

Matano alitoka kama alivyokuwa akitoka miaka yote, akasimama mahali pake. Jua lilikuwa limeshika ukingo. Likapungua, likabaki uzi, likaisha. Angani hapakuwa na hata wingu. Nilitazama saa yangu, ilikuwa arobaini na tatu. Nikamsubiri ageuke aingie.

Hakugeuka. Alisimama pale, mikono imelegea, kisha akaniita juu ya ukuta.

"Mwanatatu."

"Abee, kaka. Limezama. Nimeliona."

"Sikuulizi jua. Nakuuliza karatasi yako inasema ngapi."

"Arobaini na tano."

"Na sasa?"

"Arobaini na tatu."

"Basi bado," akasema. Akakaa kwenye kizingiti, akainamisha kichwa, akaanza kungoja, anatazama miguu yake.